Ndoo ya Maua Meupe

Garini tulikuwa dereva, mimi, Bi Nelius aliyepakata ndoo ya maua meupe, na Mzee Njoka, mchuuzi aliyekuwa akielekea Kangeta kununua miraa.

"Pole sana, mama. Mmempoteza nani?" mzee aliuliza, akivua kofia.

"Hatujafiwa, mzee. Nauza. Kanisa letu linachangia matibabu ya wagonjwa wa saratani, na haya yasiponunuliwa leo yatanyauka."

Mzee alirudisha kofia kichwani kana kwamba ametapeliwa rambirambi. "Kwetu maua ni ya jeneza. Nikimpelekea mke wangu, ataniuliza namtakia nini."

"Kwa hivyo unangoja awe jenezani, asiyaone, ndipo umpe?"

"Mimi humpelekea nyama!"

"Na hiyo nyama, nani hupewa kipande kikubwa?"

Dereva alicheka hadi akapunguza mwendo. Mzee aliitazama ndoo kwa jicho ambalo sisi walimu tunalijua: la mwanafunzi aliyeona kosa lake kabla ya kusahihishwa. Gari liliposimama Makutano, aliinunua ndoo nzima, akatutangazia sote: "Jamani, Kangeta sifiki leo. Napeleka haya nyumbani. Mke wangu akinifukuza, nitakuja kulala kanisani kwenu!"