Klementina Marcel, 1974–2025: Aliyengoja Jibu

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani: huyu tunayemzika leo, Jumatatu tarehe 13 Oktoba 2025, Alhamisi alikuwa mzima kabisa. Alhamisi jioni alinunua mihogo akabishana na muuzaji mpaka muuzaji akacheka. Hatujaelewa bado. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Dismasi Marcel, na ndiye anayeusoma. Kamati ya mazishi ilimpa dakika tano na kumwomba asitaje yasiyopendeza. Kamati imsamehe, maana leo atayataja.

Marehemu Klementina alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 hapa Ujiji. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Marcel, fundi wa mitumbwi aliyevuka kutoka Baraka upande wa Kongo, na Mama Anjelina, Muha wa Kalinzi, aliyefariki mwaka 2011. Nyumba yao ilikuwa ya Kiswahili, Kibembe na Kiha, na marehemu aligombeza watu kwa lugha zote tatu bila upendeleo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1982. Mama yao alikuwa akienda ufukweni Kibirizi kuuza samaki tangu alfajiri, kwa hiyo mwaka uliofuata Klementina alianza kwenda darasani na Dismasi mgongoni, mtoto wa miaka mitatu. Mwalimu akamwambia hapa si mahali pa kulea. Akajibu, "Basi mwandikishe na yeye, Mwalimu. Hasumbui, ukimpa chaki anaila tu." Alichapwa fimbo mbili, na kesho yake akaja naye tena. Alimaliza darasa la saba mwaka 1988 na kidato cha nne mwaka 1992.

Mwaka 1993 alianza biashara ya dagaa pale Kibirizi kwa beseni moja. Alikuwa akishika dagaa kiganjani anajua kama walianikwa chanjani au mchangani, na akikuta mchanga alimwambia mwenye mzigo, "Mchanga ninao nyumbani, mama. Niuzie dagaa." Kufikia mwaka 2005 alikuwa na meza yake katika soko la Mwanga, na mara mbili kwa mwezi alipanda boti kwenda vijiji vya kusini kukusanya mzigo. Maji hakuyaogopa hata kidogo. Binti wa fundi mitumbwi atayaogopaje?

Tarehe 9 Agosti 1997 alifunga ndoa na Bwana Oswald, karani wa stesheni ya reli, mwenyeji wa Kasulu. Mungu akawajalia watoto wawili, Wilfred na Martini. Binti hakupata, na hiyo ndiyo sababu Elida, mtoto wa kwanza wa Dismasi, alikuwa analala zaidi kwa shangazi yake kuliko kwao. Watu wa Mwanga walidhani ni wake wa kumzaa.

Sasa tufike pale ambapo familia hii haijapafikia mbele za watu kwa miaka minane.

Juni 2017 shule zilifungwa. Klementina akaenda Sigunga kuchukua mzigo, akamchukua Elida, aliyekuwa na miaka tisa. Jumatano tarehe 21 walikuwa wakirudi. Boti ilijaa kupita kiasi, upepo wa kusini ukachafua ziwa, na kabla ya kufika usawa wa mdomo wa Malagarasi boti ikapinduka. Klementina aliokotwa na wavuvi saa kumi jioni akiwa ameng'ang'ania dumu tupu la njano. Elida alipatikana siku ya pili.

Matanga yalipokwisha, Mzee Marcel, ambaye ameketi hapo mbele, aliwakalisha ndugu wote. Alisema, "Jambo hili lisitajwe mbele ya Klementina, wala mbele ya Dismasi. Mkiwakumbusha mtawaua." Hakukosea kwa ubaya. Alikuwa baba mwenye watoto wawili waliovunjika, akafanya alilolijua. Na sisi tukatii kupita kiasi. Picha ya Elida ilishushwa ukutani katika nyumba zote mbili. Dismasi aliyekuwa Baba Elida akaamka siku moja anaitwa Baba Christian, kwa jina la mtoto wa pili. Mkewe Edina naye akawa Mama Christian. Mtaa wao mzima wa Buzebazeba ulibadilisha bila mtu kutangaza. Jamani! Mtoto alizikwa mara mbili.

Klementina hakupona. Alilala ameketi kwenye kiti, mgongo mlangoni. Hakuweza kuosha vyombo kwenye beseni lenye maji mengi. Harufu ya petroli ilimtapisha. Kibirizi hakukanyaga tena, dagaa wa kuuza aliletewa. Mtoto akimshika mkono aliuchomoa kama ameungua. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, mkono wa kulia aliuficha ndani ya khanga, na wako waliosema anaringa. Kwa Dismasi alikuja sikukuu tu, na hakumtazama usoni. Dismasi aliamini anajua kwa nini, na hakuuliza.

Tulijaribu. Aliombewa, na sala zilimtuliza kwa siku mbili tatu. Alipewa vidonge vya usingizi kwenye duka la dawa akavimeza mwaka mzima, akawa anatembea kama mtu aliyelewa na ndoto ziko palepale. Mganga mmoja alisema wafu wa ziwa wanamdai, akaagiza aogeshwe ziwani. Ndugu zake wenyewe, Dismasi akiwemo, walimshika mikono wakamtumbukiza majini akipiga kelele. Alizimia. Haki ya Mungu, tulidhani tunamtibu.

Januari 2024, pale sokoni, duka la jirani waliwasha jenereta. Klementina aliingia chini ya meza, akakumbatia dumu la mafuta ya kula la mtu na kulia, "Nimemshika! Nimemshika!" Watu walicheka, wengine wakasema mashetani yamepanda. Bi. Semeni, fundi cherehani ambaye meza zao zinapakana, aliingia chini ya meza na baibui lake akakaa naye mpaka jenereta ikazimwa. Kisha akasema, "Mie shetani simwoni hapa. Namwona mtu aliyeona kitu. Kesho twende hospitali." Bi. Semeni, Mungu akulipe.

Hospitali alimpokea muuguzi wa afya ya akili, Sista Honorata, naye ndiye aliyetupa jina la ugonjwa: msongo unaobaki baada ya kiwewe. Alimwita Bwana Oswald, Mzee na Dismasi, akaeleza taratibu. Alisema mtu akipatwa na jambo la kutisha mno, wengi hutulia baada ya wiki au miezi, lakini kwa wengine kumbukumbu haitulii. Inakuja bila kuitwa, na mwili unaipokea kana kwamba jambo linatokea leo. Akisikia mashine, Klementina yuko majini tena. Ndiyo maana anakwepa kila kinachofanana na siku ile, na kadiri anavyokwepa ndivyo hofu inavyonenepa. "Si kichaa, Mzee, si laana wala si uvivu. Ni ugonjwa na una matibabu."

Mzee aliuliza, "Na kumnyamazia je, hakukumsaidia?"

Sista akasema, "Mlimnyamazia kwa upendo, Mzee. Yeye alisikia kwamba mnamlaumu."

Mzee Marcel alivua kofia, akaishika magotini mpaka kikao kikaisha.

Matibabu yalikuwa ya namna mbili. Kuna wanaopona kwa mazungumzo peke yake, na wengine kwa dawa. Yeye alipewa vyote. Dawa ilikuwa kidonge kimoja kila asubuhi, cha jamii ile wanayopewa wenye sonona. Wiki za mwanzo kilimpa kichefuchefu akataka kukitupa. Sista akamwambia asikiache ghafla, kinachukua mwezi na zaidi kufanya kazi, na kweli wiki ya sita alilala kitandani. Mazungumzo yalikuwa kila Jumatano. Alifumba macho akasimulia siku ile toka mwanzo hadi mwisho, ikarekodiwa kwenye simu, na nyumbani aliisikiliza kila siku. Mara ya kwanza alitapika. Bwana Oswald anasema baada ya miezi mitatu alikuwa akiisikiliza huku anachambua mchele.

Pia waliandika orodha ya mambo anayoyakwepa, kuanzia jepesi hadi gumu. Kushika dumu la njano. Kutia mikono kwenye beseni. Kusimama barabarani akiitazama Kibirizi. Kuketi ndani ya boti iliyofungwa ufukweni. Julai mwaka huu aliketi ndani ya boti hiyo nusu saa nzima, Bi. Semeni kando yake, akatoka akasema ana njaa. La mwisho kabisa kwenye orodha, gumu kupita boti, lilikuwa hili: kumwambia Baba Elida.

Jumanne iliyopita, tarehe 7 Oktoba, saa nne asubuhi, alikuja Buzebazeba. Dismasi alikuwa uani akitengeneza pikipiki.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba, Baba Elida."

Dismasi aligeuka nyuma kuangalia anayeitwa. Kisha akaelewa ni yeye.

Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akamweleza yote, bila kulia, kwa mpangilio, kama mtu aliyefundishwa. Alisema boti ilivyolala upande. Alisema alishika dumu kwa mkono wa kushoto na Elida kwa wa kulia, na Elida alimuuliza, "Shangazi, kwani unaogopa?" naye akamwambia haogopi. "Mkono wa kulia ukafa ganzi. Nikasema nibadilishe, namwachia kidogo nimshike kwa wa kushoto. Kidogo tu, Baba Elida. Niliponyoosha wa kushoto hayupo. Kwa hiyo hakuponyoka. Nilimwachia mimi. Miaka minane wewe unafikiri maji yalimchukua. Sasa nimekwambia. Kama ni kunitukana, nitukane."

Dismasi aliinuka pale penye pikipiki. Akasema, "Ngoja nikuletee maji ya kunywa."

Akaingia jikoni, akachota kikombe cha maji, akasimama nacho. Hakutoka. Klementina alingoja uani zaidi ya robo saa. Kisha Edina akamsikia akiinuka, akisema, "Wifi, mwambie maji nitakunywa siku nyingine." Edina aliingia jikoni akamkuta mumewe bado kashika kikombe.

Dismasi alijipangia Jumapili. Baada ya misa angemfuata Klementina nyumbani amjibu. Siku tano alidhani zinamtosha kupanga maneno.

Ijumaa tarehe 10 Oktoba, saa mbili asubuhi, Klementina alikwenda Kibirizi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu ajali, kununua mzigo kwa mikono yake. Alishika dagaa, akaanza kumwambia mwenye mzigo kuhusu mchanga, akashika kichwa, akaanguka. Alifikishwa hospitali akiwa ameshakata roho. Daktari amesema ni presha, aliyokuwa nayo tangu mwaka 2012, na mshipa wa kichwa ulipasuka. Hakujidhuru. Hakuogopa. Na wale mliokuwa mkinong'ona msibani kwamba ziwa limekuja kuchukua chake, mnyamaze. Alianguka nchi kavu, katikati ya biashara yake, akibishana.

Marehemu ameacha mume, Bwana Oswald, watoto wawili, Wilfred na Martini, mjukuu mmoja, baba mzazi, Mzee Marcel, wifi yake Edina na mtoto wao Christian, na rafiki yake Bi. Semeni. Ametanguliwa na mama yake Anjelina na mtoto wa ndugu yake, Elida Dismasi, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2008 na kufariki tarehe 21 Juni 2017. Na ameacha mdogo wake Dismasi, aliyeingia jikoni.

Ndugu waombolezaji, katika yote aliyoyasema Klementina siku ile uani, kuna jambo moja aliliruka. Hakuna ajuaye ila wao wawili, na Edina atalisikia sasa hivi pamoja nanyi. Jumanne tarehe 20 Juni, Dismasi alipiga simu Sigunga. Klementina alimwambia upepo ni mbaya, watalala mpaka Ijumaa. Dismasi akasema hapana, wakwe zake, wazazi wa Edina, wanafika Alhamisi kutoka Kasulu, ataona haya mtoto asipokuwepo kuwaamkia. Akasema, "Dada, nakuomba, njooni kesho." Miaka minane Klementina hakumwambia mtu kuhusu simu ile, na Dismasi aliamini ndiyo iliyomfanya asimtazame usoni. Alipokuja kujishtaki mbele ya ndugu yake aliijua fika, na bado aliificha ili asimuumize. Ndiyo maana ndugu yake alikosa miguu ya kutoka jikoni.

Jibu la Jumapili lilikuwa hili:

"Dada, hukumwachia. Mimi ndiye niliyewaita. Lala, Klementina. Lala salama."