Wenye Magoti ya Kuzaliwa Nayo

Kijiwe chetu ni benchi moja refu mbele ya ghorofa lenye ngazi za nje. Mimi nauza kahawa hapo, kwa hiyo nasikia kila kitu hata nisipotaka. Asubuhi ile alitokea fundi wetu wa vigae, mama tunayemwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, maana kigae kikipinda unywele mmoja tu anakibandua. Tangu awekewe goti la bandia hospitalini hatukuwa tumemwona. Alikuja bila fimbo, begi la vifaa begani.

Mzee Betri, fundi redio mstaafu, akawa wa kwanza kumvaa.

— Mwanangu, begi la nini tena?

— La kazi, baba. Daktari ameniruhusu.

— Kazi! Si wamekutia chuma? Chuma kinashika kutu. Mvua zikianza utaganda kama bawaba ya geti.

Waziri, ambaye hajawahi kushika wizara wala jembe, akadakia:

— Kutu si kitu, mzee. Mimi naogopa radi. Dada, ngurumo zikianza, tafadhali usikae karibu na sisi.

— Kati ya radi na kazi, wewe unaogopa kipi zaidi? Pimamaji akamuuliza.

Tukacheka. Kipara, dalali wa nyumba, hakucheka.

— Nasikia goti la namna hiyo likishazoea mwili linaanza kujiamulia. Unataka kwenda sokoni, lenyewe linakupeleka hospitali kusalimia wenzake.

— Acheni utani, Mzee Betri akasema. Mwanangu, umri umeenda. Tulia nyumbani, wanao wakutunze.

Hapo Pimamaji akakunja uso.

— Ndiyo wimbo wa mwanangu huo. Keti mama, acha mama, tutakuletea mama. Juzi nimemkuta anatafuta mtu wa kumuuzia mashine yangu ya kukatia vigae, na mimi nipo hai! Baba, nimefundishwa kutembea upya kama mtoto. Nimelikunja goti hili huku nalia, kesho yake nikalikunja tena. Nimefanya yote hayo ili nije kupiga miayo kitini?

Ndipo akaja mwanamke mmoja, mpangaji mgeni wa ghorofa ya tatu.

— Samahani jamani, naambiwa hapa kuna fundi vigae. Vigae vya ukuta wa jikoni kwangu vimebanduka. Saruji na vigae nimeshanunua, viko pale chini ya ngazi.

— Alikuwepo, Kipara akaanza. Ila siku hizi...

— Yupo, akasema Pimamaji. Twende.

Akatanguliza mguu mzima, akauvuta wa goti jipya, mkono kwenye chuma cha ngazi. Benchi zima likamfuata kwa macho. Ghorofa ya pili akasimama. Mzee Betri akainuka nusu. Pimamaji akahamishia begi bega la pili, akaendelea. Alipofika juu aliegemea ukingo, jasho likimtiririka, meno yote nje.

— Daktari amenikataza mambo mawili tu! akapaza sauti. Kupiga magoti na kubeba mizigo mizito. Ukuta hautaki magoti. Saruji hiyo hapo chini. Haya, nyinyi wenye magoti ya kuzaliwa nayo, nani ananipandishia?

Mzee Betri akashika kiuno. Waziri akakumbuka kuna mgonjwa wa kumjulia hali. Kipara akaninyooshea kikombe.

— Ongeza kahawa.

— Imekwisha, nikamjibu, na birika lilikuwa limejaa.