Safari Hii Mama Mishipa Anastaafu Kweli

Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, daktari bingwa wetu wa upasuaji wa mishipa ya damu anastaafu. Tunajua mnacheka. Wasomaji wa siku nyingi wa jarida hili la wafanyakazi mmeshausoma wasifu wake mara tatu, na mara zote tatu tulimtakia maisha mema, kisha Jumatatu moja tukapishana naye koridoni akikimbilia chumba cha upasuaji. Tumeuandika upya kwa sababu mambo yamebadilika, na tunaomba mtuamini.

Alipofika hapa kwa mara ya kwanza alikuwa mwembamba, mfupi, na mwanamke, mambo matatu ambayo mlinzi wa getini hakuyategemea kwa daktari wa upasuaji. Akamwelekeza upande wa wanafunzi wa uuguzi. Alipojitambulisha, mlinzi akamkagua juu chini.

“Daktari wa kupasua nini, dada?”

“Mishipa ya damu.”

“Basi ingia, lakini usiende mbali. Mjomba wangu ana mguu.”

Mguu wa mjomba ulipona, na jina la Mama Mishipa likaanzia hapo getini. Kazi yake, kwa wasioijua, ni kuzibua mishipa iliyoziba, kushona iliyokatika na kubadilisha iliyochoka. Wapo watu wengi mjini humu wanaotembea kwa miguu yao yote miwili kwa sababu yake. Baadhi yao wanacheza mpira vibaya sana, lakini hilo hatuwezi kumlaumu yeye.

Mumewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, ni fundi cherehani. Watu hudhani nyumba yao ni ya mabingwa wawili wa sindano. Shemeji hakubaliani nao. Kwa maelezo yake, mkewe akishona kifungo cha shati, shati halivaliki tena.

Sasa tueleze zile safari tatu za kustaafu, maana wapya wanatuuliza.

Mara ya kwanza aliletwa mrithi kijana, hodari, nadhifu kupita kiasi. Tulimwita Bwana Tai. Wiki ya kwanza alitabasamu. Wiki ya pili akauliza anapokezana na nani zamu ya dharura, ile ya kuitwa saa yoyote mtu akipata balaa. Tukamwonyesha ratiba. Jumatatu yeye, Jumanne yeye, Jumatano yeye, na sikukuu zote, kwa heshima kabisa, yeye. Bwana Tai akasema anatoka kidogo kununua vocha ya simu. Tulipomwona tena alikuwa kwenye bango la kliniki binafsi ya kutibu mishipa iliyovimba miguuni, anatabasamu kama wiki ya kwanza, na chini yake imeandikwa kuwa mwisho wa wiki wanafunga.

Mara ya pili ofisi ya utumishi haikupata kijana yeyote, ikamleta profesa mstaafu aliyemfundisha Mama Mishipa mwenyewe. Yaani mtu wa sabini na kitu ndiye aliyeletwa kumpumzisha wa sitini. Profesa alifanya kazi nzuri, akiwa amekaa, mpaka mguu wake mwenyewe ukaziba mshipa. Mama Mishipa aliitwa kutoka nyumbani, alikokuwa bado anafungua zawadi za kuagwa, akaja kumpasua mrithi wake. Profesa alipozinduka alimpa alama nane kwa kumi.

Mara ya tatu nafasi ilitangazwa rasmi. Ombi lililokuja ni moja tu, na aliyeomba ni yeye. Alipoulizwa alisema tangazo lilikuwa limekaa ukutani peke yake muda mrefu, akalionea huruma. Akaajiriwa kwa mkataba. Na kwa kuwa taratibu ni taratibu, karani mmoja alimtembeza hospitali nzima kama mfanyakazi mpya, akamwonyesha vyoo viko wapi, akamwingiza kwenye kipindi cha majaribio cha miezi mitatu. Aliyemfanyia tathmini ni daktari aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Aliandika: “Anaonyesha nia ya kujifunza.”

Tuliona ni vichekesho tu, na yeye pia. Kisha ikatokea ile lifti.

Mwaka jana chama cha madaktari wa mishipa ya damu kilifanya mkutano wake mkuu hotelini, ghorofa ya juu. Wanachama wote wa nchi nzima walifika, wakaingia lifti moja na nafasi ikabaki. Katikati ya safari lifti ikagoma. Kwa muda wote huo, nchi nzima haikuwa na daktari wa mishipa ambaye hakuwa ndani ya kile kisanduku, na Profesa alikuwa sakafuni akinyoosha mguu.

Katibu wa chama alikuwa na ripoti yake kwapani. Akaona wasipoteze muda, akaisoma humo humo. Zaidi ya nusu ya wanachama wamekaribia kustaafu au wamepitiliza. Walio bado na nguvu wengi wako kliniki binafsi za mijini. Wanaoingia kwenye fani hawafikii wanaotoka. Wanawake ni wawili, na wote wawili wamo humu.

“Kwa hiyo,” akamalizia, “lifti hii ikidondoka...”

“Usiendelee!” wakamkatiza wote.

Mama Mishipa, ambaye ndiye aliyetusimulia haya, akaona ndipo pa kusema lake. Akawageukia wadogo. “Tatizo ni nyinyi vijana. Mnapenda kulala. Mimi sijawahi kuchukua likizo hata moja tangu niajiriwe.”

Yule mwanamke wa pili alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu, mama wa pacha, aliyeacha hospitali kubwa baada ya kujifungua. Alijibana kwenye kona ya lifti, akasema kwa sauti ndogo, “Mama, naomba nikwambie bila kukukosea adabu. Sisi kazi hatuikimbii. Kazi tunaipenda. Tunachoogopa ni kuwa wewe.”

“Kuwa mimi kuna ubaya gani?”

“Mara ya mwisho kumaliza sahani ya chakula bila simu kulia ni lini?”

Mama Mishipa akatafuta mtu wa kumtetea. Alimtazama katibu, katibu akatazama ripoti. Alimtazama Profesa, mwalimu wake wa miaka yote. Profesa akakohoa, akauliza kama kuna aliyebonyeza kengele.

Alirudi kazini kimya, na sisi tuliomzoea akigomba tukaogopa. Miaka yote hiyo alijivunia kuwa hajawahi kukosekana. Sasa alikuwa anajiuliza kama kukaa kwake peke yake ndiko kulikowafukuza wengine. Alituambia neno hilo lilimchoma kuliko sindano yoyote, na kwamba lililomuudhi zaidi ni kuwa yule binti alisema kwa adabu, hata pa kumkaripia hakupaona.

Siku ya tatu akaingia ofisini kwa mkurugenzi wa hospitali.

“Nataka watu watatu,” akasema. “Wapokezane zamu. Na anayetaka nusu siku kwa sababu ya watoto, apewe nusu siku.”

“Mama, nafasi ni moja. Imekuwa moja tangu hospitali ijengwe.”

“Sawa. Basi nipe likizo yangu.”

Mkurugenzi akatabasamu, akasaini. Tabasamu lilikatika pale ofisi ya utumishi ilipomjulisha kuwa likizo alizolimbikiza tangu ujana wake zingemfikisha mwaka ujao.

Aliwapanga wagonjwa wake vizuri kwa mwenzake wa mji wa pili, akaaga. Gari la wagonjwa likawa linakwenda huko kila uchao, hadi dereva akaomba atafutiwe chumba cha kupanga.

Mama Mishipa yeye alikwenda kumsaidia mumewe dukani. Hapo ndipo ilipobainika kwamba daktari wa mishipa akiona tundu, mkono wake haujizuii, lazima alifunge. Alifunga mifuko ya suruali. Alifunga matundu ya vifungo vya mashati, kwa mishono midogo midogo isiyoonekana, isiyofumuka. Bwana harusi mmoja alijaribu koti lake, akakuta mkono wa kushoto hauna pa kutokea.

Haikuchukua muda, Shemeji akaja hospitali na futi yake ya kupimia bado iko shingoni. Mkurugenzi hakuwahi kuombwa aajiri watu kwa uchungu namna ile.

“Ndugu yangu, ajiri. Ajiri watatu, ukipenda ajiri kumi. Mke wangu nampenda, sina neno naye. Lakini nimebakiwa na mteja mmoja, naye ni dada yangu, na ananijia kwa huruma tu.”

Baina ya dereva wa gari la wagonjwa na Shemeji, mkurugenzi hakuwa na pa kukimbilia. Nafasi moja ikawa tatu. Wa kwanza kuomba alikuwa yule mama wa pacha wa kwenye lifti, aliyepewa nusu siku na chumba kidogo cha kunyonyeshea karibu na chumba cha upasuaji. Wa pili ni msichana aliyehitimu juzi. Wa tatu alikuja amevaa tai. Alisema kwenye bango alikuwa ameshachoka kutabasamu. Idara iliyokuwa ya mtu mmoja mwenye mvi leo ina watu watatu, wawili kati yao wanawake, na hakuna hata mmoja anayehitaji miwani kusoma ratiba.

Mama Mishipa alikatisha likizo, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha. Alisimama nyuma yao, akinyoosha shingo na kujiuma midomo ili asiseme. Hakufaulu kila siku.

Jumatano iliyopita, adhuhuri, aliletwa fundi seremala aliyejikata paja kwa msumeno. Damu ilikuwa inaruka. Mama Mishipa alisikia kelele akiwa ofisini akifunga maboksi. Akakimbia, akanawa, akasukuma mlango wa chumba cha upasuaji kwa bega, mikono miwili juu kama mtu aliyevamiwa na majambazi. Mama wa pacha na yule msichana walikuwa wameshaushika mshipa. Mama wa pacha hakuinua hata uso.

“Tupo, Mama,” akasema.

Alisimama pale kidogo, mikono bado iko juu, hajui aipeleke wapi. Halafu akaishusha, akatoka.

Anayeandika maneno haya ndiye aliyempa seremala dawa ya usingizi siku hiyo. Kazi ilipokwisha salama nilikwenda chumba cha chai kumpa habari. Nilimkuta kwenye kochi, viatu kavua, mdomo wazi, anakoroma hadi vikombe vinatikisika kabatini. Hakuna aliyewahi kumwona amelala katika jengo hili. Wote watatu wakaja kuchungulia mlangoni, na Bwana Tai akavua koti lake, akamfunika miguu. Hatukumwamsha. Seremala aliamka kabla yake.

Mama Mishipa, asante kwa kila mguu uliotuachia. Tunakuombea wewe na Shemeji afya njema, asubuhi zisizo na haraka na simu isiyolia ovyo. Ishi vizuri, mama yetu.