Marehemu Mwinjuma Kombo na Dari la Bwana Masoud

Assalaam alaykum mashehe, wazee wetu, majirani na jamaa wote, mie ni Mudathir, mdogo wake marehemu, elimu yangu darasa la saba kama yeye, kwa hiyo nikikwama kusoma mnivumilie, na mkiniona kama nimenuna msishangae, maana huyu kaka ametuchosha akiwa hai na hata leo ametuachia kazi.

Marehemu Mwinjuma Kombo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968 hapahapa Chang'ombe, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Kombo na marehemu Bi Mwanakombo, akasoma madrasa na shule ya msingi, akamaliza mwaka 1983, na tangu hapo akishasema neno halirudishi, hata walimu walimwachia.

Mwaka 1987 alianza kumbebea ndoo fundi rangi mmoja wa viwandani, mwaka 1995 akajitegemea, akachagua kupaka madari peke yake, ya maduka, maofisi na kumbi, kuta akazikataa akisema hizo kila mtu anaweza, na kila alipomaliza alitandika jamvi sakafuni, akalala chali kulikagua dari, na akataka mwenye jengo naye alale pembeni yake, na suti yake hivyohivyo, wachache walikubali, wengi walimfukuza, nasi nyumbani tukabaki kushika vichwa.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Bi Chausiku wa Kigamboni, wakajaaliwa Farhan mwaka 1998 na Naima mwaka 2003, na shemeji yangu ni shahidi kwamba siku ile shehe alimtamkisha mara mbili, maana macho ya bwana harusi yalikuwa juu darini, ameona ufa.

Sasa nifike panapouma. Mwaka 2019 rafiki yake wa utotoni, Bwana Masoud, ambaye tuko naye hapa, alimwomba alipake upya dari la ukumbi ulio juu ya maduka yake kule Goba, ili harusi ya binti yake Arwa ifanyikie mahali safi, kaka akaona madoa ya kahawia, akasema paa linavuja, akagoma, Bwana Masoud akamweleza kwa upole kuwa hayo yalikuwa maji ya kiyoyozi na bomba limeshatengenezwa, kaka akamjibu mbele ya watu kwamba anataka kufunika uozo kwa rangi, basi kazi akapewa fundi mwingine, na siku ya harusi mvua ikanyesha kweli, kaka akakaa palepale chini ya yalipokuwa madoa, na sahani yake ya pilau, anasubiri tone, na tone halikudondoka siku hiyo wala hadi leo.

Tulimsihi akaombe radhi, sie ndugu zake, mkewe, hata imamu, jibu lake likawa moja tu, "Nikiomba radhi leo, kesho likivuja nitasema nini?", na kwa neno hilo watu waliokula sinia moja tangu utotoni wakawa wanapishana njiani kama hawajuani.

Mwaka 2023 aligundulika ana presha, daktari akamkataza ngazi, akapanda, Januari mwaka huu wa 2025 akapooza upande mmoja, akalazwa, na tarehe 8 Februari Bwana Masoud akaja kumwona na chupa ya uji, kaka akafumba macho, akajifanya amelala, mgeni akakaa, akamwombea dua, akaondoka, na mlango ulipofungwa tu mgonjwa akafumbua macho, akaniambia kwa shida, "Mwambie Masoud dari lake lilikuwa zima. Nilijua zamani."

Nami kwa kuchoshwa na ukaidi wake nikamwambia kesho utamwambia mwenyewe, Mwenyezi Mungu anisamehe, kwani alfajiri ya Jumapili, tarehe 9, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliovumilia kukosolewa dari la wodi yao, majirani wa Chang'ombe mliotupikia, na mafundi wenzake mliochimba kaburi tangu asubuhi.

Bwana Masoud, ujumbe wako ndio huo, umechelewa kwa ukaidi wake na kwa ulimi wangu, tunakuomba mbele ya jamaa hawa umsamehe, na kama moyo wako umeridhia, kaburini tunashuka watatu kumpokea, Farhan yupo, mie nipo, nafasi ya kichwani hatujampa mtu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaka Mwinjuma, Mola akupe mapumziko ya amani.