Kamba Nilizokaza Kwenye Lambo

Ndugu zangu, mmenipa nafasi ya kusema, nami nitaanzia mbali kidogo, maana mimi ni mtu wa barabarani. Kutoka Songea hadi Masumbwe nilitumia siku nne. Makambako gari liliharibika. Dodoma nililala stendi, kichwa juu ya begi la vifaa vya kuchomelea. Hapa Tinde basi lilisimama dakika chache tu, mama mmoja akaniuzia dirishani matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akacheka alivyoniona nayatafuna kama ngozi ya kiatu. Sikujua kwamba siku moja ningekuja kuishi kwake jirani. Mama, nakuona unajificha, usicheke tena.

Masumbwe nilichimba dhahabu miaka saba. Ndani ya shimo nilijifunza jambo moja: kila kitu kikazwe. Zile nguzo tunazoziita matimba, zinazozuia kuta zisianguke, zikilegea mnafukiwa. Mikono yangu ikazoea hivyo. Hata nilipoacha shimo nikarudia kuchomelea, sikuweza kuacha kamba ikining'inia.

Pale kijijini Masumbwe kulikuwa na akina mama waliolima nyanya kando ya lambo, lile bwawa la kukinga maji ya mvua. Kiangazi maji yaliporudi nyuma, pampu yao ilibaki kwenye tope. Mimi nilishaona kwenye simu picha za minara ya upepo inayoelea baharini. Nikawaambia, "Mama zangu, nitawajengea kinu cha upepo kinachoelea. Maji yakienda, nacho kinakwenda."

Mwenyekiti wao akauliza, "Fundi, na kikizama?"

"Kizame na mimi nipo?"

Wakacheka. Nikaunganisha mapipa manne, nikasimamisha mlingoti na mapanga yake ya kuzungushwa na upepo, nikafunga pampu. Kisha kamba nne hadi ukingoni, nikazikaza zikawa zinalia ukizigusa. Wiki tatu maji yalitoka. Ndugu zangu, nawaambia, nazikumbuka zile wiki tatu mpaka leo.

Asubuhi moja tukakuta kinu kimepinduka, kamba moja imekatika, pampu imezama. Miche ilikuwa imeanza kulala.

"Fundi, ni nini hiki?" mwenyekiti akauliza.

Hapo ndipo nilipoanguka mimi, si kinu. Nilisema, "Kamba imekatwa."

Kulikuwa na baba mmoja mfugaji aliyekuwa akilalamika kwamba mapanga yanawatisha ng'ombe wake. Sikumtaja. Nilitazama tu upande wa boma lake, na ikatosha. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakamwita.

"Mimi nikate kamba?" akasema. "Kisu changu hata ugali kinaushindwa!"

Hakuna aliyecheka. Akatengwa. Wengi hapa mnajua maana yake: hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, ng'ombe wake wasikanyage lambo. Nilimwona mkewe akienda kuomba moto kwa jirani, akarudi mikono mitupu. Nilimwona, nikaendelea na kazi yangu.

Baadaye mwalimu wa fizikia wa sekondari akaniambia, "Kaka, usijenge tena kwa kubahatisha. Njoo tupime."

Akafungua kompyuta yake. Humo alikuwa na programu ya kusanifu minara ya upepo inayoelea. Wahandisi wa nchi za mbali wameiandika wakaiacha wazi. Yeyote anaichukua, anaifungua ndani, anaona kila hesabu, na akiweza anairekebisha ili wengine nao wapate.

"Bure?"

"Bure."

Nikacheka. Machimboni hata kushikiwa tochi unatoa kitu.

Tukaingiza vipimo vyangu: mapipa, mlingoti, uzito, kamba. Kinu changu kikatokea pale kwenye kioo, kinayumba juu ya maji kama kilivyokuwa. Nilishikwa na furaha ya kitoto. Mwalimu akasema, "Sasa tuyashushe maji, kama kiangazi." Mstari mmoja ukaanza kupanda.

"Huo ni nini?"

"Mvuto wa kamba. Maji yameshuka, kinu kimebaki kinaning'inia kwenye kamba ulizokaza. Ona, hapa inakatika. Yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, kaka. Humu hakuna kisu."

Nilitoka nje, nikasimama peke yangu uwanjani.

Kesho yake niliomba mkutano. Nikasema mbele ya wote kwamba sikuona mtu, kwamba kamba ilikatika kwa ufundi wangu mbovu, na kwamba nilimchafua mtu asiye na kosa. Yule baba akafunguliwa, adhabu ikanigeukia. Mwezi mzima nikatengwa mimi. Nikajua ladha ya kupita sokoni ukiwa kama hewa.

Mwezi ule mwalimu hakuniacha. Aliwaandikia wale walioitengeneza programu, na mtu tusiyemjua kwa sura akajibu kwa upole: imetengenezwa kwa minara mikubwa sana, kwa mapipa yenu msiiamini yote, jaribuni kwanza kwa mfano mdogo ndani ya beseni. Tukajaribu. Programu yenyewe ilipanga na kupangua, ikatuonyesha mapipa yaachane zaidi, mlingoti upungue urefu, uzito ushuke chini, na kamba ziwe ndefu, zilale kwenye tope.

Adhabu ilipokwisha, nilirudi lamboni na kamba ndefu ili nijenge upya, nikamkuta yule baba. "Shikamoo, baba."

Akawaswaga kwanza ng'ombe wawili. "Marahaba. Haya, leta hizo kamba. Leo nafunga mimi, tuone utamsingizia nani."

Basi, ndugu zangu, namshukuru yeye. Nawashukuru akina mama walionipa kazi mara ya pili, mwalimu, na wale wa mbali walioacha hesabu zao wazi mpaka kosa la fundi wa Masumbwe likaonekana. Ninalowaomba ni dogo: kabla hujamtazama mtu kwa jicho la lawama, kapime kwanza kazi ya mikono yako.

Nami miguu haikutulia, mnanijua. Siku niliyoondoka Masumbwe moja kwa moja, yule baba alinibebea begi hadi barabarani. Basi likapita kando ya lambo. Maji yalikuwa yameshuka sana, na kinu kimeshuka nayo, kimesimama wima, mapanga yanazunguka. Chini yake ng'ombe wake walikuwa wanakunywa.