Majoho ya Mama Pindo

Mchungaji, wanakwaya, majirani na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, anayewasomea ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yao, na sauti ikimkatika katikati mmvumilie, maana kazi hii amepewa na marehemu mwenyewe, na dada yake hakuwa mtu wa kukataliwa.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na muuguzi, akasoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia 1965 hadi 1971, akajifunza ushonaji chuoni miaka miwili, na tarehe 7 Januari 1974 akaanza kazi katika chumba cha kushonea cha hospitali, alikoshona mashuka na magauni ya wagonjwa mpaka alipostaafu mwaka 2013.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na fundi bomba, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na mumewe alimtangulia mwaka 2011.

Kwenye kwaya, tuseme ukweli, sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, lakini majoho yote aliyashona yeye, na jina la Mama Pindo alilipata kwa sababu hakuvumilia kuona pindo la joho la mtu likiburuzika sakafuni, alipiga magoti hapo hapo, pini mdomoni, hata kama ibada imekaribia kuanza.

Mdogo wake naye aliimba besi, hadi tarehe 2 Novemba 2006, alipotoka kumzika binti yake wa miaka sita, mtoto aliyeombewa na kanisa zima, ndipo akavua joho, akalitupa juu ya benchi, akasema mbele za watu kwamba Mungu atafute besi mwingine. Marehemu hakumhubiria, aliliokota lile joho, akalifua, akalipiga pasi, akalitundika kwenye msumari wa mwisho katika chumba cha kwaya, na kila yaliposhonwa majoho mapya, mwaka 2009, 2015 na 2021, alishona na la mdogo wake, kwa vipimo vya shati aliloazima kimyakimya kwa wifi yake, akiongeza kitambaa kiunoni kadiri ndugu yetu alivyozidi kunenepa. Kamati ya kwaya ilipohoji, aliwaambia kwaya haijapungukiwa na mtu.

Tarehe 6 Juni 2023 alipatikana na uvimbe kwenye kongosho, na mdogo wake akawa anampeleka kliniki kila Jumanne, wanakaa benchi moja nje ya chumba cha sindano, wanaongea habari za watoto, na maumivu, na wauguzi wa siku hizi wanavyotandika mashuka ovyo ovyo, lakini habari za joho marehemu hakuzigusa hata mara moja. Jumanne ya mwisho alisema tu kwamba historia yake isomwe na mwanakwaya, akamtazama mdogo wake. Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake mkubwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani mliobeba viti na maji tangu siku ya kwanza, na wenzake wa chumba cha kushonea, mliomshonea gauni alilolala nalo.

Leo asubuhi mwalimu wa kwaya alimfungulia mdogo wake kile chumba cha kwaya, akamwonyesha majoho manne kwenye msumari mmoja, naye akalia sana, kisha akavaa la juu, ndilo hili mnaloliona. Hawezi kuwadanganya kwamba ana imani ya dada yake, bado ana maswali na Mungu, na binti yake bado anamuuma, ila akimaliza kusoma atakwenda kusimama mstari wa nyuma, alikohesabiwa miaka kumi na saba bila kujua.

Dada, kiunoni limenikaa, na pindo haligusi chini. Pumzika sasa, katika amani ile uliyoisadiki.