Ng'ombe Wafike Wakiwa Wamesimama

Mgeni rasmi, wakufunzi wetu, wafugaji na wafanyabiashara wa mifugo, nanyi ndugu mliofika hapa Mkuza kushuhudia tukikabidhiwa vyeti vya kusafirisha mifugo kwa barabara: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Karibu

Karibu Kibaha. Tungeweza kukusomea masomo yote tuliyopitia, lakini tumeona afadhali tukueleze habari za mwenzetu mmoja, Loyce Kashinje, kwa ruhusa yake. Yaliyoipata nyumba yake ndiyo yaliyowaleta wengi wetu darasani.

Tulikotoka

Loyce ni binti wa wafugaji wa Chole, wilayani Kisarawe. Mumewe, Laurean, alikuwa dereva wa lori la ng'ombe na alipakia kama tulivyopakia sote: tuliwaswaga, tukawasukumiza, tukawapinda mikia, na mlango ukikubali kufungika, safari imeiva. Masika ya mwaka juzi, kwenye mteremko, alikanyaga breki kumkwepa mtu wa bodaboda. Ng'ombe wakaserereka wote upande mmoja, lori likalala. Wengi walikufa palepale. Laurean alitoka na mguu uliovunjika, na tangu hapo hajashika usukani.

Loyce wakati huo aliendesha fuso la mchanga. Aliposikia mafunzo yameanza Kibaha, aliaga.

"Mama Nathan," Laurean akamwambia, "gari lile lilinitosha mimi. Huko usiende."

"Siendi kujifunza gari. Naenda kujua kwa nini walianguka."

 Mpaka Loyce anaondoka, nyumba ile iliishi kwa salamu tu.

Tulichojifunza

Tumejifunza kuwapa ng'ombe nafasi, wasibanane wala wasipwaye. Kutandika mchanga wasiteleze. Kumwacha mgonjwa na mwenye mimba kubwa. Kusimama njiani kuwakagua. Na kutoondoka bila kibali cha daktari wa mifugo.

Siku ya somo la vizuizi vya kugawa bodi la lori ili ng'ombe wasiserereke wote pamoja, Loyce alitoka nje. Mwenzetu Bertha alimfuata, akamkuta ameegemea ukuta.

"Lori la Laurean halikuwa na kizuizi hata kimoja," Loyce alimwambia. "Na muda wote huu anajilaumu kwa breki."

Jumamosi alirudi Chole, akamweleza mumewe. Laurean alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hivyo vizuizi vinafungwaje. Wiki iliyofuata alianza kuchonga. Malori mengi ya umoja wetu leo yana vizuizi vya mkono wake.

Yanayotukwaza

Chole hakuna jukwaa la kupakilia. Tunarudisha lori nyuma kwenye kichuguu cha udongo, na mvua ikinyesha kichuguu kinamomonyoka. Ng'ombe huvunjika miguu kabla hata hatujawasha gari.

La pili ni gumu zaidi kulisema. Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja alitaka Loyce, ambaye sasa anaendesha lori la ng'ombe, aongeze ng'ombe juu ya waliotosha. Alikataa.

"Dada, mwenzako anapakia," yule bwana akamwambia.

Na kweli mwenzake alipakia, akapita na mzigo wote. Loyce alirudi na lori tupu. Mgeni rasmi, siku ile hatukumpongeza. Kila mmoja wetu alijiuliza yeye angefanya nini.

Maombi yetu

Tunaomba jukwaa la kupakilia mifugo Chole. Tunaomba ukaguzi ufanyike pale wanapopakiwa, kwa sababu ng'ombe anayekutwa barabarani ameshabanwa na pengine ameshakanyagwa. Zaidi ya yote, tunaomba kanuni imguse na mwenye mzigo, siyo dereva peke yake. Bila hivyo, vyeti unavyotupa leo vitatukosesha kazi, na tutawakuta wenzetu wasiosoma wakitupita njiani.

Loyce mwenyewe hayuko nasi. Alipata mzigo asubuhi hii, na ng'ombe wakishapakiwa hawasubirishwi juani kwa sababu ya sherehe. Utakapoita jina lake, atainuka mumewe. Anatembea polepole, tunakuomba umsubiri.

Mwenyezi Mungu akulinde katika safari zako, akurudishe kwako salama, na awarehemu wote waliotutangulia katika kazi hii.

Ni sisi,
Umoja wa Wasafirishaji Mifugo, Kibaha na Kisarawe.
Imesomwa kwa niaba yetu na Seif Matano.